Mkaguzi wa Mizimu

Kuna watu ambao ukiwakumbuka unatabasamu kwanza, ndipo unaudhika. Huyu huniudhi kwanza, na tabasamu likija linanikuta nimeshakunja uso. Pale Homa Bay tulimwita Mkaguzi, naye alilipenda jina hilo kupita kiasi. Kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa kukagua mizimu. Si kuiita, si kuifukuza, si kuichinjia mbuzi. Kuikagua tu, kama bwana afya anavyokagua choo cha shule.

Alizaliwa wapi na nani, sijui, na sikuona haja ya kuuliza. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la Mhindi, barabara ya kushukia gatini, naye alikodi chumba upande wa pili. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kila mtu alikuwa anajipa cheo. Akabandika kibao mlangoni: MKAGUZI. Hakuandika wa nini. Abiria walioshuka melini walidhani ni mtu wa ushuru, wakaenda kumfungulia mizigo yao, naye akaikagua. Mama mmoja alimfungulia kapu la omena, dagaa wa ziwani. Akazinusa, akamwambia, "Sawa, pita."

Kabla ya mizimu alikuwa mtu wa mbung'o kule Lambwe. Asiyeijua kazi hiyo nitamweleza. Mbung'o anapenda kitu cheusi kinachotembea. Basi wanaume wawili walikuwa wakipita porini wamenyoosha kitambaa cheusi katikati yao. Mbung'o wakitua wananaswa kwa wavu, wanatiwa chupani, kisha wanaandikwa kwenye fomu: mahali, saa, hali ya hewa, wa kiume wangapi, wa kike wangapi. Ilikuwa kazi ya maana. Mbung'o huleta malale, na wako watu walio hai leo kwa sababu ya vitambaa vile. Laiti angebaki huko huko.

Alipoiacha kazi, au kazi ilipomwacha, alitoka na kitambaa, wavu, chupa, kipimajoto na rundo la fomu. Akili yake haikutoka. Aliamini kwamba chochote kinachoishi kwa kujificha lazima kivutwe na cheusi, kinaswe, kihesabiwe. Kwenye fomu alikata neno "mbung'o" kwa wino mwekundu, juu yake akaandika "mizimu". Mengine yote aliyaacha yalivyo. Ndivyo nilivyokuja kusoma kwa macho yangu mawili: "Mizimu ya kiume: sifuri. Mizimu ya kike: sifuri. Hali ya hewa: jua na mawingu kidogo."

Kilichonifanya nianze kumdharau ni kwamba hakufanya kazi usiku. Mkaguzi wa mizimu mzima, lakini jua likianza kushuka upande wa ziwa unamwona anatembea haraka, mara chumbani, mara komeo. Siku moja nilimwita mzee kwa Kijaluo, nikamuuliza, "Jaduong', hawa watu wako si hutoka usiku?"

Akaweka chini kikombe chake. "Fundi, mbung'o inashikwa mchana. Na mzimu yenye inaogopa mchana haina kitu ya kuambia serikali."

Serikali! Serikali haikuwa ikimjua hata kwa sura. Lakini alilitamka neno hilo kwa namna ambayo mtu alitamani kusimama.

Kitu kingine ni lugha. Nyumbani alisema Kijaluo safi, cha mithali na mafumbo. Akishika fomu, Kijaluo hakitoki tena kinywani. "Kazi ya fomu ni Kiswahili," alisema. Mimi nilijifunza ushonaji Mombasa kwa mzee mmoja aliyenirekebisha maneno zaidi kuliko alivyonirekebisha mishono, kwa hiyo Kiswahili cha Mkaguzi kilinipa maumivu ya meno. Nilimwona mara moja akimhoji bibi kizee asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Anauliza kwa Kiswahili, anajitafsiria mwenyewe kwa Kijaluo, bibi anajibu kwa Kijaluo, anajitafsiria tena kwa Kiswahili, ndipo anaandika. Bibi aligeuka akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu mtu ana wenzake wengine ndani.

Huko Oyugis mfanyabiashara mmoja wa mahindi alikuwa akipigiwa mawe juu ya bati kila jioni, wiki nzima, na mtupaji haonekani. Akamwita Mkaguzi. Mkaguzi akafika Ijumaa adhuhuri, akazungusha kitambaa chake nyumba nzima, akapima joto la kila chumba. Jua lilipoanza kuzama, mawe yakaanza kulia, pa, pa, pa. Mwenye nyumba akamshika mkono, "Jaduong', sasa ndiyo hiyo! Sikia!" Mkaguzi alikuwa anakunja kitambaa. Alikuwa Msabato wa kubatizwa, na Sabato huingia jua likizama Ijumaa. "Nimesikia," akasema, "lakini sasa ni Sabato. Nitakuja Jumapili." Jumapili alipokuja, mtupaji alikuwa amechoka. Sifuri. Baadaye ilijulikana ni jirani waliyegombania mpaka, na watu watatu walikuwa wamemwambia hivyo Mkaguzi tangu Ijumaa. Hakuandika. Fomu haikuwa na safu ya majirani.

Mwaka ule ziwa lilipopanda likala mashamba na maduka ya chini, watu walisikia ngoma ikilia ndani ya maji karibu na gati. Wazee walisema ni watu wa ziwani wanasherehekea. Mkaguzi akaingia mtumbwini siku tatu mfululizo, kitambaa cheusi kimesimamishwa mbele, chupa mkononi. Siku ya tatu niliteremka kumtazama, kwa sababu kazi ilikuwa chache na nilitaka kucheka. Mita chache kutoka pua ya mtumbwi wake kulikuwa na pipa tupu la mafuta ya taa, limetoka kwenye duka lililozama, linagonga nguzo za gati kila wimbi likija. Du. Du. Du. Nikampigia kelele nikamwonyesha. Akanijibu kwamba ameliona tangu juzi. Fomu nikaisoma jioni: "Hakuna iliyokamatwa."

"Kwa nini usiandike pipa?" nikamuuliza.

"Sikuenda kukagua pipa."

Hapo ndipo alipokuwa, mwili na roho. Aliliona jambo na macho yake yalikuwa mazuri, hilo simnyimi. Lakini alikuwa anangoja siku moja ambapo safu ya waliokamatwa ingejaa. Siku zote nyingine alikuwa anazihesabu kama siku za kujizoeza.

Alikuwa na misemo. "Andika kwanza, ogopa baadaye." "Mdomo una ndugu, jicho halina." Na huu, ambao alininong'onezea akiamini ananipa siri kubwa: "Watu hawaogopi mzimu, fundi. Wanaogopa kuwa peke yao wenye kuuona." Nilimcheka. Siku hizi huo mmoja huwa unanirudia, na sipendi kwamba unanirudia.

Aliwacheka waganga hadharani. Aliwaita watu wa majani. Mwaka mmoja mkoba wake ulichanika, akaniletea niushone. Nilipofungua bitana nikakuta kifuko kidogo cha ngozi, kimeshonwa ndani kwa uzi wa mkono, kimejaa manyasi, ile dawa ya miti ambayo kwetu mtu huivaa ili mabaya yampite. Nikakiweka juu ya meza ya cherehani, nikamtazama.

"Sijui imefika aje hapo," akasema.

"Nitupe?"

Akaangalia barabarani, kushoto na kulia. "Shona tena, fundi. Mahali pale pale."

Utauliza, ikiwa alikuwa mtu wa kuchekwa hivi, kwa nini aliitwa kila mahali, kutoka Rangwe mpaka mpakani? Jibu ni karatasi. Watu wetu walikuwa wameona miaka mingi jinsi karatasi inavyochukua ng'ombe na shamba, na inavyompeleka kijana vitani. Mganga anaondoka na kuku wako na kukuachia maneno. Mkaguzi alikuachia nakala. Niliona nyumba nyingi ambako nakala ile ya sifuri imetundikwa ukutani karibu na picha ya harusi. Watu walipata usingizi kwayo, na mimi niliona hilo pia ni kichekesho.

Sasa nifike kwa Min Awuor, kwa maana bila yeye nisingemwandika mtu huyu hata mstari mmoja. Min Awuor maana yake mama yake Awuor. Ndivyo tunavyomwita mwanamke kwetu kwa heshima. Alikuwa mpishi wa shule ya kanisa lake, mwendo wa saa moja kutoka mjini ukifuata ufuo. Mumewe alikufa kwa homa, akamwachia binti mmoja, nyumba ya bati na kabuti. Kabuti hilo lilijulikana na kila mtu. Marehemu alirudi nalo kutoka vita vya wazungu, akalivaa harusini, kanisani, na shambani hata katika jua la Januari. Ukiliona mbali ulijua nani anakuja.

Kwa mila yetu ya zamani, mume akifa mjane huvaa nguo zake mpaka maombolezo yaishe, kisha ndugu wa marehemu humrithi. Kanisa la Min Awuor lilikataza yote mawili. Shemeji yake alipokuja kumtaka, na nyumba na shamba pamoja naye, wazee wa kanisa walisimama mbele ya chifu wakasema: huyu ni muumini wetu, hajafuata mila hata moja, hawezi kurithiwa. Chifu akakubali. Kwa hiyo nyumba yake, mtoto wake na kazi yake ya jikoni, vyote vilishikiliwa na maneno hayo machache, kwamba hajafuata mila hata moja.

Mwezi wa pili baada ya mazishi alikuja barazani kwangu na bunda limefungwa kwa shuka. Akafungua nusu tu. Lilikuwa lile kabuti.

"Fundi, kata mikono. Inaingia majini."

"Nani atavaa?"

"Mimi."

"Na kanisa?"

Akafunga shuka tena, akaliacha bunda mapajani pangu. "Kanisa linaamka jua likitoka. Mimi naenda kuteka maji kabla."

Nilikata upana wa vidole vinne kwenye kila mkono wa kabuti, nikapinda, nikampa. Sikumwambia mtu. Sikumuuliza kwa nini. Mwanamke aliyezika mume ana haki yake ya kutoulizwa, ndivyo nilivyoona, na ndivyo ninavyoona mpaka leo.

Haikupita muda watu wakaanza kusema wamemwona marehemu. Alfajiri, ukungu bado uko juu ya maji, kabuti linateremka ziwani, linapotelea kwenye matete. Shemeji akapata alichokuwa anatafuta. Akaenda kwa chifu akasema, ndugu yangu amekuwa jachien, mfu mwenye hasira. Anatembea kwa sababu mke wake amekataa mila. Nipeni mwanamke huyu nimtulize marehemu. Chifu alikuwa kijana wa serikali mpya, hakutaka ionekane anaamua kwa ndoto za watu. Akasema inatakiwa ripoti. Akamwita Mkaguzi.

Hebu lipime jambo hili. Mkaguzi akiandika kuna mzimu, shemeji anashinda. Akiandika ni mjane ndani ya kabuti, kanisa linamwacha, shemeji anashinda tena. Akiandika sifuri, kama alivyoandika kila mahali tangu nimjue, Min Awuor analala kwake. Nilifurahi, nakiri. Nilijiambia, kumbe Mungu huumba hata mjinga kwa ajili ya siku yake. Alipokuja kuniazima futi ya kupimia nguo, nikampa huku nacheka.

Sikujua kwamba safari hii angeamka mapema. Mtu ambaye hakuwahi kutoka nje kukiwa na giza alikwenda alfajiri, na jogoo bado wanawika, akamwaga jivu kwenye njia ya ziwani. Akapata nyayo. Akazipima kwa futi yangu. Kisha akaenda jikoni mwa shule, akawaambia wapishi kwamba serikali inafikiria kuwapa viatu, na yeye ametumwa kuchukua vipimo. Wanawake wakacheka, wakatoa miguu. Min Awuor alitoa wake, akamshukuru.

Alirudi mchana, akapanda barazani kwangu bila hodi wala salamu. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Fundi, nimeshika."

"Umeshika nini?"

"Imejaa. Safu imejaa. Ni mama yule mwenyewe, ndani ya koti ya bwana yake. Nimepima mguu, kisigino kina ufa kwa upande wa ndani, nimeona na macho!"

Nikaacha kukanyaga cherehani. Nikamvuta ndani, dukani, nyuma ya majora ya vitambaa, nikamweleza lote, kuhusu kanisa, na shemeji, na nyumba. Nikamwambia, "Andika sifuri. Miaka yote umeandika sifuri mahali ambapo haikumsaidia mtu. Andika moja ambayo itasaidia."

"Hiyo itakuwa uongo."

"Na pipa lilikuwa nini?"

Akasema, "Unajua watu wananiita nini, fundi? Unajua wewe mwenyewe unaniita nini hapa ukiwa na wenzako? Nasikia. Chumba yangu iko hapo tu." Akakunja fomu kwa uangalifu, akaitia mfukoni mwa shati. "Ukweli haina mjane."

"Huu una mjane, na una mtoto wa miaka sita!"

Akatoka. Nilitamani kumrukia. Sikumrukia, na hilo ni langu la kubeba.

Baraza ya chifu ilikuwa siku ya tatu yake. Watu walijaa, maana waliahidiwa mzimu. Mkaguzi alisimama amevaa kaki iliyopigwa pasi, soksi zimepanda mpaka magotini, akasoma fomu yote tangu hali ya hewa. Alisoma kwa Kiswahili, kisha akajitafsiria. Alipofika kwenye jina, watu wakacheka kwanza, kwa sababu walikuja na hofu nyingi na ikawa haina pa kwenda. Shemeji alicheka kuliko wote. Mzee wa kanisa hakucheka. Alifunga Biblia yake, akasimama, akaondoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Chifu akamuuliza Min Awuor, "Mama, hiyo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sababu gani?"

"Kulikuwa baridi," akasema.

Kanisa lilimfuta wiki hiyo hiyo, na jiko likapewa mwingine. Shemeji akahamishia kiti chake kwenye baraza ya nyumba ile, akawa anakaa hapo mchana kutwa akimngoja achoke. Alingoja siku ishirini na moja. Min Awuor aliondoka na Awuor mkononi na bunda kichwani, akafuata barabara ya Migori. Alipopita mbele ya duka letu nilisimama. Hakuniangalia, na sikumlaumu. Ng'ambo ya barabara mlango wa Mkaguzi ulikuwa wazi, na yeye alikuwa ndani akinakili ripoti yake.

Sifa zake zikapanda. Walimtaka sasa kila mahali, lakini sikiliza walimtakia nini. Mume aliyemshuku mkewe alisema nyumba ina mzimu. Baba aliyetaka kujua mwanawe anaficha nini alisema amesikia sauti. Naye alikwenda, na jivu lake, na futi yake, maana yangu nilimnyang'anya siku ya baraza. Akakamata watu wengi. Nadhani alikuwa na furaha mwaka mmoja na nusu.

Kisha watu wakaelewa kwamba kila nyumba ina kabuti lake. Simu haikuhitajika, habari ilienda yenyewe. Mawe yakipiga bati, mtu anasema ni upepo. Mtoto akiona mtu mweupe kwenye migomba, anachapwa, anaambiwa hakuona. Mizimu ikaisha Homa Bay yote, na Oyugis, na Migori. Waganga walikuwa wamejaribu vizazi na vizazi, wamishonari nao wakajaribu. Aliyefaulu ni yeye. Huo ndio urithi aliotuachia, na siku moja nilimkuta amekaa mlangoni, fomu tupu mapajani, akingoja wito ambao haukuja. Nilipita nikamsalimu vizuri sana, kwa chuki.

Mwishoni mwa miaka ile ya sitini nilikuwa naenda Kehancha siku za soko, na cherehani juu ya paa la basi, kushonea Wakuria. Wanauza ng'ombe na tumbaku asubuhi, mchana wanataka suruali. Nyuma ya uwanja wa ng'ombe kulikuwa na kibanda cha uji na nyoyo, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Mwenye kibanda alikuwa Min Awuor. Alikuwa ameongezeka mwili. Alijua Kikuria cha kugombana, na alikuwa anasema Kiswahili kwa wageni. Awuor alikuwa shule. Siku ya kwanza aliponiona aliniwekea bakuli la uji. Siku ya tatu akaniuliza habari za nyumbani. Hatukulitaja lile jambo.

Siku moja, saa nne asubuhi hivi, nimekaa pale kwenye benchi, akaingia mtu mwembamba mwenye soksi zilizoteremka. Nilimjua kwa mkoba, kwa mishono yangu mwenyewe. Hakuwa na kitambaa wala wavu. Alikuwa amepanda mabasi mawili na kutembea, viatu vimejaa vumbi jekundu. Nilisimama. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza miaka hiyo yote kwa ajili yake, nimeyapanga, nayajua kwa moyo.

Min Awuor alinitangulia. "Keti, jaduong'," akamwambia. Akamimina uji, akamwekea.

Mkaguzi hakuugusa. Akatoa fomu, ile ile, imekunjika mpaka inakaribia kuachana. "Nimekuja kufunga faili," akasema. "Imebaki mahali moja."

"Faili!" nikasema. "Mama huyu alifukuzwa kwake kwa ajili ya hiyo takataka, na wewe unakuja kwa faili?"

"Fundi, ngoja," Min Awuor akasema, na hakuinua sauti. "Mahali gani?"

"Sababu. Ulisema baridi. Niliandika baridi." Alikuwa anaongea na meza. "Lakini mimi nilipima hewa ile asubuhi. Haikuwa baridi. Nilijua pale pale kwa baraza. Nilinyamaza kwa sababu safu ilikuwa imejaa." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akiwa na fomu mkononi, akageukia Kijaluo. "Mama, nimetembea nchi hii yote. Sijawahi kuona hata mmoja. Nataka kukuuliza wewe uliyevaa nguo yake. Alikuja? Ulimwona?"

Min Awuor alifuta mikono yake kwa kanga, kidole kimoja kimoja. Nje Wakuria walikuwa wanapigia ng'ombe kelele. Nikatamani tuwe tumeondoka sote wawili, mimi na huyu mzee, tumwachie kibanda chake.

"Nilimngoja," akasema. "Usiku nilimngoja, asubuhi nilimngoja. Nilisema, kama watu wanaogopa wafu, basi wafu huja. Hakuja hata siku moja. Angekuja, ningevaa kabuti la nini?"

Mkaguzi alishika kalamu. Ilikaa juu ya karatasi bila kuigusa. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa bado yako kinywani, na sikuona hata moja la kumwambia mtu yeyote.

"Niandike hivyo?" akauliza.

"Andika," akasema Min Awuor. "Lakini hii usiwasomee watu."